Ukumbi wa Mabalozi na Arobaini ya Rajabu

Siku yangu ya kwanza kazini, Mkurugenzi, mchungaji kutoka ng'ambo, alinikabidhi funguo za ukumbi pale Bigwa akasema, "Mama Koleta, hii ni nyumba ya watu wote." Nikamwamini. Ujana nao!

Kituo kilikuwa cha kanisa, lakini mabalozi na familia zao, wa kila dini, walikuja kutoka Dar kupumzika na kuabudu. Kazi yangu ilikuwa kuugeuza ukumbi. Ijumaa natandika majamvi kuelekea kibla, yaani upande wa Makka, na kuufunika msalaba kwa pazia. Jumapili nakunja majamvi, naburuta viti vya mninga, nasukuma madhabahu ya magurudumu. Wahindu wakija na taa zao, viti nje tena. Mgongo huu umeishia humo, wajukuu zangu.

Mkurugenzi wa pili alipenda mandhari. Kibla kwetu ni kaskazini, milima ya Uluguru iko kusini, akaniuliza, "Kwani Waislamu hawawezi kuswali wakitazama mlima? Unapendeza." Jamani! Nikamwambia awaulize wenyewe. Hakuthubutu.

Mume wangu Rajabu alikuwa mtunza bustani palepale. Yeye Mwislamu, mimi Mkatoliki. Alipofariki, arobaini yake ikazua ugomvi. Dada zangu hawakai kwenye hitma, shemeji zangu hawakanyagi penye msalaba. Nilitaka alale kwa amani, watu wake wote wamwombee pamoja. Nikaenda kumwomba Mkurugenzi wa tatu ukumbi.

"Pole sana, Mama. Lakini ukumbi ni wa jumuiya ya kidiplomasia. Kuna taratibu za usalama."

"Rajabu amemwagilia maua hapa mpaka akaota mvi. Usalama gani tena?"

"Naelewa, Mama."

Anaelewa nini? Nilitoka bila kuaga.

Nikafunga turubai uani kwangu Mafiga, majamvi huku, viti vya plastiki huku, nikawatumia salamu pande zote mbili: "Asiyetaka kukaa na mwenzake, abaki kwake." Wakaja wote. Sheikh akasoma dua, dada zangu wakapakua pilau huku wakilia, shemeji zangu wakawabembeleza. Mabalozi wawili walikuja kunipa pole, na Mkurugenzi nyuma yao, simu mkononi, anapiga picha.

Sasa nimestaafu. Juzi nilipita kituoni kusalimia, nikakuta picha kubwa imetundikwa mlangoni: turubai langu, shemeji zangu na dada zangu kwenye sinia moja. Chini yake wamebandika karatasi: "Kituo chetu huunganisha dini."

Dada wa mapokezi akasema, "Shikamoo bibi. Una mwaliko?"

"Marahaba," nikamjibu, nikaishusha ile picha, nikaikumbatia, nikapanda nayo bajaji. Mlinzi alinifungulia geti.

Iko sebuleni kwangu. Karatasi nimeibandua. Rajabu haonekani humo, lakini wale wote wamemjia yeye.