Kabati Lililopandishwa Bigwa kwa Dua

Niseme tu mwenyewe, kabla hamjasikia kwa majirani. Nilinunua kabati la vyombo mjini Morogoro, refu kama mimi. Gari sina, na wa bodaboda alilitazama akacheka. Mke wangu alishaapa nikirudi bila kabati nitajipikia, na mimi hata ugali unanishinda. Basi tukalibeba na shemeji yangu Shomari, kupandisha Bigwa. Manyunyu yakaanza, nikalifunika shuka nyeupe. Nako ni Ijumaa, nimevaa kanzu.

Wanaume waliokuwa wanatoka msikitini wakatukimbilia, kama ilivyo desturi yetu jeneza likipita.

"Pole mzee wangu, tupokeeni," akasema mmoja.

Nikataka kumwambia, lakini bega lilikuwa linawaka moto na mlima bado mrefu. Nikajibu, "Haya, baba."

Wakapokezana mpaka kwangu, wengine wanasoma dua, mimi nyuma nimeinamisha kichwa. Mke wangu akatoka.

"Tuweke wapi, mama?" akauliza mzee mmoja kwa upole.

"Jikoni, karibu na ndoo. Vyombo vyangu vimechoka kulala chini."

Dua ikakatika. Wote wakanigeukia.