Kwenda Kikoneni Kutafuta Rangi ya Mabuyu

Mimi ni muuza mabuyu. Najua wapenzi wa masimulizi ya safari humtaka msafiri aliyetoka kwenda kuiona dunia, lakini mimi nilitoka kwa sababu ya rangi. Mbegu za buyu, sukari, iliki, pilipili kidogo na rangi nyekundu ndiyo maisha yangu tangu mama aliponiachia sufuria yake hapa Kuze, Mombasa. Tulipokuwa wadogo mama hakuwa na haja ya kuuliza nani kaingia jikoni. Alitupanga mstari akasema, "Toeni ndimi," na mwizi akajulikana papo hapo.

Miaka miwili iliyopita Salma, binti wa mtaani kwetu aliyeolewa Uingereza, alifungua duka dogo huko akaanza kuniagizia mabuyu kwa maboksi. Wakati huo mdogo wangu Rukia alikuwa hana kazi. Alikuwa dobi katika hoteli moja ya Diani, mpaka serikali za watalii zilipowaonya watu wao wasije pwani, na hoteli ikafunga milango. Nikamwita tupike pamoja. Yeye na wanawe watatu wakawa wanakula kutokana na sufuria ile.

Basi asubuhi moja ukaja ujumbe wa Salma: "Shikamoo Bi Zuhura. Mzigo umezuiwa. Rangi unayotia hairuhusiwi huku kwenye chakula. Nitafutie rangi ya mimea, nipate sampuli kabla ya mwezi kwisha. Ikishindikana, itanibidi niyaondoe mabuyu dukani."

Nilihamaki. Rangi ile naitumia tangu nina meno ya utoto.

"Kwani hao waliokataa walikula wakafa?" Rukia aliuliza.

"Hawakula. Walisoma."

Alicheka, kisha akaanza kusugua sufuria ambayo ilikuwa imeshang'aa. Hapo nikajua anahesabu siku.

Nilikwenda Marikiti kwa muuza viungo wangu. Akanionyesha mbegu kiasi cha kujaza kiganja, ndogo, nyekundu ya kuiva. "Mzingefuri huu. Watu wa Kwale wauita biksa. Ni hizi tu nilizobakia nazo, siku hizi hatuletewi tena." Nilipomuuliza zaenda wapi, aliinua mabega. "Nenda Kikoneni ukawaulize." Bahati nzuri jirani yangu Mwanajuma ni mzaliwa wa Kikoneni, na mamake analima biksa hiyo hiyo. Akampigia simu kumwarifu kwamba ninakuja.

Jumanne, saa kumi na mbili asubuhi, nilivuka feri ya Likoni na kikapu kitupu. Kitupu kwa makusudi, maana nilikuwa na hakika kitarudi kimejaa. Nacheka nikikumbuka uhakika ule.

Saa mbili nilikuwa Ukunda. Nilikunywa chai na mahamri mawili, kisha nikateremka kidogo upande wa Diani kuitazama hoteli ya Rukia, kwa kuwa nilikuwa sijawahi kuiona. Lango lilikuwa limeshika kutu, na mbuzi wawili walikuwa wakila mauwa ya mapambo kwa raha zao. Hoteli za pembeni zimefunguliwa, wageni wamerudi, lakini hii haikuinuka tena. Nilisimama pale nikawaza kwamba mtu mmoja aliandika onyo ofisini kwake, mbali kabisa, na mdogo wangu akakosa mashuka ya kufua. Sikukaa sana.

Baada ya Msambweni barabara iliingia kwenye miwa ya Ramisi, imetanda mpaka macho yakachoka. Hapo tena nikajikuta nafikiri mambo ambayo si ya kawaida yangu. Serikali ikifungua sukari ya nje, mimi hununua rahisi nikamshukuru Mungu, na mwenye miwa hii hulia. Ikifunga, yeye hushukuru nikalia mimi. Miaka yote hiyo nilidhani bei ya sukari ni tabia ya mwenye duka.

Mbele ya Ramisi nikashuka kwenye matatu, nikachukua bodaboda, tukaiacha lami kubwa na kupinda kulia kuingia bara. Upepo wa bahari uliisha ghafla. Udongo ukawa mwekundu, mihindi na mikorosho huku na huku, na mara nikaiona miti yenyewe: mifupi, majani yake mfano wa moyo, imebeba vitumba vyenye manyoya vilivyokauka. Nilimsimamisha kijana wa bodaboda nikashuka, nikapasua kitumba kimoja. Vidole vyangu vikawa vyekundu. Wallahi nilitaka kupiga kigelegele pale barabarani.

Saa tano kasoro nilibisha hodi kwa Bi Mwanatumu, mamake Mwanajuma. Nilimkuta uwanjani amekaa juu ya turubai, anapiga vitumba kwa fimbo, mikono imegeuka rangi mpaka kwenye viwiko. Ni mwanamke mwembamba wa miaka sitini na kitu, na kitambaa chake cha kichwa kilikuwa kimepata rangi ile ile.

"Shikamoo."

"Marahaba, karibu. Weye ndiye mwenye mabuyu?"

"Ndiye miye."

"Mbona mwembamba? Nilidhani mwenye kukaa na sukari siku zote atakuwa kama pipa."

"Nauza, mama, sili."

Alicheka mpaka akaiweka fimbo chini. Nikaletewa maji, nikaletewa mhogo wa nazi, tukaulizana habari za Mwanajuma na wajukuu. Ndipo nikasema haja yangu: nataka gunia moja, na kila msimu nitarudi.

Uso wake ukabadilika. "Mwanangu, biksa hii yote ina mwenyewe." Akanieleza kwamba kiwanda kimoja cha rangi kimemwekesha sahihi: watanunua yote, naye haruhusiwi kumuuzia mtu mwengine hata kibaba. "Na sitaki kuivunja karatasi yao. Najua bila karatasi kulikuwaje."

Kulikuwa hivi. Miaka iliyopita bei ilianguka, wanunuzi wakapotea, magunia yakakaa ndani mpaka panya wakazaa humo. Watu wa Kikoneni wakaing'oa miti. Yeye mwenyewe alishika panga akakata nusu ya shamba, akapanda mahindi. "Niliipanda miye na marehemu mume wangu. Nilikata huku nalia, majirani wakadhani nimefiwa mara ya pili. Haijapita misimu mitatu ya mahindi, hao wamerudi na gari, watuomba tupande tena. Sikujua kwa nini waliondoka, na sijui kwa nini wamerudi."

Mimi nilikuwa namsikiliza, lakini ndani nilimwona Rukia akisugua ile sufuria safi. Siku kumi na mbili zilibaki za mwezi.

Mchana, baada ya swala ya adhuhuri, alifika Mutua, wakala wa kiwanda, kijana wa bara aliyehamia Ukunda, na mizani yake nyuma ya pikipiki. Nikamwomba aniuzie yeye. Akatikisa kichwa.

"Mama, hiyo kitu haiko mikononi yangu. Kila gunia iko na namba. Inaenda kiwanda, wanatoa hiyo rangi, inapanda meli. Huko nje inawekwa kwa jibini, kwa siagi, kwa soseji, hata kwa rangi ya midomo."

"Na kwa nini mliondoka, mkarudi?" nilimuuliza kwa niaba ya mwenyeji wangu.

"Si sisi. Kulikuwa na rangi za maabara, bei rahisi sana, makampuni makubwa yakahamia huko. Sasa serikali za huko zimeanza kukataa hizo rangi kwa chakula. Kampuni zote zinakimbilia hii. Ile iko kwa hii uwanja."

Niliitazama ile turubai na vilima vyake vya mbegu, nikaduwaa. Sheria iliyonifungia mlango Kuze ndiyo iliyomfungulia Bi Mwanatumu mlango Kikoneni. Sheria moja! Watu ambao hawajui kama tupo walikaa wakakubaliana kuhusu rangi, na rangi yangu ikazuiwa bandarini, na huku gari likapanda kilima kuja kumbembeleza mjane apande tena miti aliyoilia. Nimezoea kusikia habari za uchumi wa dunia kwenye televisheni, mabwana wamevaa tai, nami huzima nikalala. Siku ile niliuona umekaa juu ya turubai, na nilihisi woga na furaha kwa pamoja, vile mtu anavyohisi akisimama karibu na kitu kikubwa mno.

Bi Mwanatumu yeye alikuwa na swali lake. "Jibini ndiyo nini?"

"Maziwa yaliyogandishwa," Mutua akasema.

"Maziwa si meupe? Wayatilia rangi ya nini?"

"Watu wamezoea ikiwa ya manjano. Ikiwa nyeupe hawanunui."

Akanigeukia. "Kumbe wazungu nao wana mabuyu yao."

Mutua alipima magunia, akaandika, akaenda zake. Niliokota kikapu changu nikaaga. Bi Mwanatumu akanishika mkono akanivuta nyuma ya nyumba, jikoni. Pale, karibu na shimo la majivu, ulikuwepo mti mmoja mkubwa wa biksa, umezeeka, matawi yameinama kwa vitumba.

"Walipokuja kuhesabu miti nikawaambia huu si wa shamba. Huu wa mchuzi. Haumo kwenye karatasi. Chuma."

Tulichuma pamoja hadi kikapu kikawa nusu, tukapasua, tukapukusa mbegu. Kwa pupa yangu nikaomba sufuria, nikachemsha maji nikazitia, nimwonyeshe ninavyopika. Maji yakawa ya vumbi, kama ya kuoshea miguu. Nikakoroga. Yakabaki vile vile.

Aliniacha nihangaike kidogo, naona aliipenda ile hali. "Watu wa mjini! Rangi hii haina urafiki na maji." Akapasha mafuta ya nazi, akatia mbegu kiganja kimoja, akazungusha. Mafuta yakawaka rangi ya jua linapochomoza. Nikasema "Subhanallah" bila kukusudia.

Nilitaka kumlipa, akakataa katakata. Mgeni wake hawezi kutoka kwake na bei ya mchuzi. "Yakiwa tayari, niletee niyaonje. Hayo ndiyo malipo."

Saa kumi na moja jioni nilikuwa kwenye feri tena. Mwanamke aliyesimama karibu nami aliitazama mikono yangu akaniuliza arusi ni ya nani. Nikamwambia ni ya serikali na wenye viwanda, na mimi nimealikwa kwa bahati. Akasogea mbali kidogo.

Kesho yake asubuhi tulipika. Nilitia mafuta yenye rangi katika shira, nikamimina mbegu za buyu, nikageuza haraka. Mimi na Rukia tukainama. Hayakuwa mekundu. Yalikuwa rangi ya chungwa lililoiva.

"Dada," Rukia akasema polepole, "haya ni mabuyu kweli?"

Nilitia moja mdomoni. Uchachu ule ule, iliki ile ile, pilipili ikaja nyuma kama siku zote. Nikaenda kwenye kioo nikatoa ulimi. Ulikuwa safi. Siwezi kuficha, machozi yalinilengalenga, maana nilimkumbuka mama na ule mstari wetu. Mtaani nako wateja walinicheka. Mmoja alirudisha pakiti yake akidai yamechujuka juani. Lakini sampuli tuliituma, mikononi mwa jamaa aliyekuwa akisafiri, siku nne kabla ya mwezi kwisha.

Jibu la Salma lilikuja Ijumaa ya wiki iliyofuata. Rangi imekubaliwa. Wateja wake walinuna siku ya kwanza, siku ya pili wakarudi kuuliza kama yamebaki. Anataka maboksi mara mbili ya zamani. Rukia alipiga kigelegele mpaka majirani wakachungulia. Mimi nilikaa juu ya kibao cha mbuzi ya kukunia nazi nikatazama chini, kwa sababu furaha ile ilikuwa na mti mmoja tu nyuma yake, na mti ule nilikuwa nimeuchuma nusu.

Nilichojifunza katika safari hii si kigumu kukieleza. Serikali huamua, wenye viwanda huamua, na maamuzi yao hufika mpaka ndani ya sufuria. Nilirudi nikiamini kwamba sisi wengine tunaamuliwa tu. Hapo nilikosea, na aliyenisahihisha ni Bi Mwanatumu.

Nilikuwa nimempelekea pakiti mbili kama tulivyoahidiana. Wiki iliyofuata alinipigia simu. Yalikuwa matamu, alisema, ila mjukuu wake amekula pakiti nzima na hapana namna ya kumkamata. Nikacheka, kisha nikamweleza habari ya maboksi, na kwamba sitaki kumponza kwa kiwanda.

"Mutua alikuja jana na karatasi ya msimu ujao," akasema. "Nimemwambia aandike shamba lote isipokuwa safu mbili za upande wa ua. Akakataa. Nikamwambia basi achukue mizani yake, nami nina panga langu, na mara hii sitalia. Akapiga simu ofisini kwao, nao wakapiga kwengine, sijui wapi. Nilikaa nikapiga vitumba vyangu. Mwisho wakakubali. Akaniuliza aandike safu hizo ni za nani."

"Ukamwambia nini?"

"Nikamwambia andika, za mchuzi."