Lori la Kwa Kaviha

Malindi wana bahari yao, Lamu wana punda wao, na Minjila ina Randu. Kama hujawahi kumsikia, nenda ukakaguliwe masikio, maana Randu mwenyewe hajawahi kunyamaza.

Ni fundi wa magari, Mgiriama mwenye kitambi cha heshima na sauti ya kumwita mtu aliye ng'ambo ya mto. Gereji yake ni mabati tu juu ya nguzo, kando ya barabara, lakini ukimsikia akiisimulia utadhani ni uwanja wa ndege. Hudai kwamba gari likiumwa Tarasaa, yeye hapa Minjila ameshajua ni plagi au ni pampu. Watu humcheka. Gari likiwazimikia, wanaocheka ndio wa kwanza kulisukuma hadi mlangoni kwake.

Kuna maneno mawili tu yaliyokuwa yakimfunga mdomo, na maneno hayo aliyasikia kila siku. Matatu ikifika pale barabara inapotelemka kabla ya kuingia Minjila, makanga hupiga bodi na kuita, "Kwa Kaviha! Wa Kwa Kaviha!"

Kaviha ni babake. Kwingine mahali hupewa jina la mtu kwa sababu alichimba kisima au aliua simba. Hapa ni kwa sababu Mzee Kaviha alizamisha lori.

Lilikuwa Bedford la jeshi, la zamani zile. Jeshi lilipomaliza kazi nalo, mfanyabiashara mmoja alilinunua mnadani akalitia kazi ya kubeba ndizi, na dereva akawa Kaviha, kijana wa kofia upande. Mwaka wa mafuriko makubwa, Randu akiwa bado mgongoni kwa mamake, Tana ilivunja kingo, na mkondo wa zamani unaoikata barabara pale inapotelemka ukajaa. Watu walimwambia asubiri. Kaviha akawajibu kwamba gari lililobeba askari haliwezi kuogopa maji ya kuoshea mchele. Akaingia. Alipofika katikati maji yakapanda mlangoni, moyo ukampasuka, akaondoa mguu kwenye mafuta.

Sasa, hata mtoto wa delta anayesukuma gari la mabua anajua hili: ukishaingia majini, mguu hauondoki. Ukiuondoa tu, maji yanaingia ekzosi, injini inakata roho, na tope linakukumbatia kama shangazi aliyekumisi. Ndivyo ilivyokuwa. Ndizi zikaelea, nyani wa Kulesa wakafanya sikukuu, na lori likabaki. Maji yalipokauka lilikuwa limezikwa hadi madirishani, mwenyewe akalisusa.

Wanawake nao hawakuchelewa. Harusi ya kwanza baada ya mafuriko tayari wimbo ulikuwepo: *Kaviha kaondoa mguu, tope lamshika mguu.* Umeimbwa harusi baada ya harusi. Umeimbwa hata harusi ya Randu mwenyewe, na mashangazi zake, tena kwa vigelegele.

Basi Randu alipokuwa mtu mzima mwenye gereji, akaapa. Lori litatoka, litanguruma, na atakayelipitisha mbele ya watu ni Mzee Kaviha kwa mikono yake. Mzee alikuwa ameshapita themanini. Randu hakutaka babake aingie kaburini na jina la tope.

Shida ya kwanza ilikuwa kwamba lori lilikuwa na wapangaji. Abdiaziz, Msomali mwuza ng'ombe, alikuwa akilaza ndama wake ndani ya ile bodi, na hakuona sababu ya kuwahamisha.

"Wariya, hii si gari," alimwambia Randu. "Hii ni zizi la chuma. Fisi amejaribu, meno yakabaki hapo."

"Abdi, hili ni gari la babangu."

"Babako alilipeleka chini. Mimi nimelikuta chini. Sasa ni la nani?"

Walibishana msimu mzima, wakinywa chai ya maziwa kikombe baada ya kikombe, mpaka ubishi ukageuka urafiki. Mwishowe Randu akamjengea zizi la vyuma chakavu, lenye mlango wa jokofu, ambalo hakuna fisi wala mwizi aliyewahi kulielewa. Abdiaziz akahamisha ndama. Cha ajabu, yeye mwenyewe hakuhama. Alikuwa ameambukizwa. Mtu aliyekuwa akijua bei ya fahali tu sasa alikuwa akiota kuhusu giaboksi.

Kulichimbua tu kulikuwa kisa. Walianza kiangazi kwa pupa, wakati udongo wa delta umekuwa saruji, wakavunja majembe hadi jirani wakaanza kuficha yao. Ikabidi wangoje mvua za kwanza zilainishe, ndipo wakalivuta kwa trekta. Ndani ya injini walikuta viota vya nyigu, mifupa ya kambale na kijiko. Pistoni zilikuwa zimeshikana kama ndugu walioogopa kugawana shamba. Randu alizimwagia dizeli na mafuta ya breki, akaziacha zinywe, na kila asubuhi akaenda na hendeli kuzibembeleza. Siku pistoni ziliposogea kwa upana wa kidole alipiga ukelele ukasikika stendi, watu wakaja mbio wakidhani kuna msiba.

Mkewe, Josephine, mshonaji wa sare za shule, alishona viti na turubai la nyuma kwa cherehani yake ya miguu. Sindano zilivunjika, naye alivunja kimya.

"Baba Sidi, mimi sikuolewa na lori."

"Uliolewa na fundi."

"Nilidanganywa. Niliambiwa fundi wa saa."

Lakini mishono aliipiga mara mbili, na pale pembeni akadarizi jina dogo kwa uzi mwekundu: Kaviha. Randu alipoliona alikohoa sana, akasema ni vumbi.

Lori likanguruma. Mzee Kaviha akaletwa, mkongojo mkononi, akalizunguka. Kisha akapanda, akafukuza kuku aliyekuwa kwenye kiti, na akaanza kujifunza upya kulizungusha uani, jioni baada ya jioni, akiangusha ua wa jirani na kumlaumu jirani kwa kupanda ua.

Habari ikafika kwamba chama cha wapenzi wa magari ya zamani ya jeshi kutoka Malindi, wakielekea Lamu, watasimama Minjila Jumamosi na kufanya maonyesho uwanjani. Mwenye gari la jeshi la zamani akaribie, kwa masharti mawili: liingie kwa injini yake, na liwe na rangi ya jeshi.

"Rangi niachie mimi," Abdiaziz akasema.

Hapo ndipo walipoteleza, na kwa kweli hakuna watu wengine duniani ambao wangeteleza namna hiyo. Abdiaziz alikuwa kwenye kamati ya msikiti, na milango ya msikiti ilikuwa imetoka kupakwa. Ilibaki rangi madebe mazima, safi, ya halali, kamati ikampa kwa roho moja. Randu akafungua debe, akaangalia.

"Kijani," akasema.

"Kijani," Abdiaziz akakubali. "Jeshi si kijani?"

"Jeshi ni kijani."

Wakapaka. Lilipokauka na jua likalipiga, lori liling'aa kama kasuku aliyeoga. Josephine alitoka, akaliangalia, akarudi ndani na kufunga mlango.

"Ni wivu," Randu akasema, lakini hakulala vizuri.

Jumamosi uwanja ulifurika. Wa Malindi walikuja na jipi na Landrova tano au sita, zimepanguswa hadi tairi, na baadhi zimebebwa juu ya malori kama wagonjwa wa kupelekwa rufaa. Hilo Randu alilisema kwa sauti, asije akakosa kusikika. Kisha babake akatokea barabarani na Bedford, injini ikiimba, na watu wa Minjila wakapiga makofi hadi mbuzi wakakimbia.

Mwenyekiti wa chama, Mahmud, mtu mpole mwenye shati lenye pasi, aliwasimamisha langoni. Akazunguka lori. Injini aliisifu. Viti alivisifu. Akasimama mbele ya mlango, akajikuna kidevu.

"Mzee, kazi hii ni kubwa, wallahi. Lakini rangi hii siwezi kuipitisha."

"Kwani si kijani?" Randu akafoka.

"Ni kijani, fundi. Lakini adui angeliona hili akiwa Somalia. Kaeni hapo nje na magari mengine. Mwaka ujao, Mungu akipenda, mtapaka upya."

Mwaka ujao! Randu alimtazama babake pale juu ya usukani, mkono mwembamba wenye mishipa kama kamba za makuti, akajua kwamba mwaka ujao haukuahidiwa mtu. Na nyuma ya uzio, kundi la wanawake lilikuwa limeshaanza kuguna ule wimbo, si kwa ubaya, kwa mazoea tu. *Kaviha kaondoa mguu...* Randu, mwenye maneno ya kujaza gunia, aliyamwaga yote. Akaanza kumbembeleza Mahmud, mara kwa jina la Mungu, mara kwa jina la ujirani, mara akimtisha kwa kitambi.

Alipokuwa huko, Mzee Kaviha alimwita Abdiaziz dirishani.

"Kijana, toa mkanda wa feni."

"Feni itaacha kuzunguka, mzee."

"Ndiyo maana nasema utoe. Ikizunguka itarushia injini maji. Una samli?"

Msomali asiye na samli garini hajazaliwa. Abdiaziz akaleta kibuyu, mzee akamwelekeza, akazipaka zile waya za plagi na kifuniko cha distributa samli nene isiyopenya maji, zikanukia kama sikukuu. Hakuuliza ni ya nini. Mkubwa akisema, unapaka.

Randu aligeuka aliposikia gia ikiingia. Bedford lilikuwa likigeuka, si kuelekea nyumbani, bali kule barabara inapotelemka. Kule chini. Na wiki hiyo mto ulikuwa umepanda, mkondo umejaa maji mekundu.

"Baba! Baba we!"

Akakimbia, kitambi kikitangulia, akarukia ngazi ya mlango, akajirusha kitini wakati tairi za mbele zinagusa maji. Nyuma yao uwanja mzima ulikuwa unakuja mbio, wa Malindi na mashati yao, wanawake wameshika leso.

"Baba, utalizika tena!"

"Shika usukani upande wako. Mzito huu."

Maji yakafika kwenye vitovu vya tairi. Yakafika kwenye ngazi. Lori likayumba, tairi za nyuma zikaanza kuchimba, na tope likaruka juu, likapiga kioo, likapiga paa, likaingia dirishani likampata Randu mdomoni, jambo ambalo wengi walikuwa wakilitamani kwa miaka. Injini ikabadili sauti. Randu aliijua sauti ile. Ni ya gari linalofikiria kufa. Na hapo moyo wake ukafanya vilevile kama moyo wa babake ule mwaka wa mafuriko.

"Baba, punguza! Ondoa mguu!"

Mzee Kaviha hakugeuka. "Unataka waimbe tena?"

Akakanyaga. Akakanyaga kama anayeua nyoka. Wanaume wawili, usukani mmoja, wakaelekeza pua ya lori kwenye ukingo wa pili. Likanguruma, likatapika moshi, likakwama kidogo, likawaza, kisha likapanda. Likapanda lote, maji yakimiminika bodini, likasimama kwenye nchi kavu ng'ambo ya Kwa Kaviha likitetemeka kama ng'ombe aliyetoka kuvuka mto.

Kelele iliyopigwa pale, sema wewe ulisikia nini kama ulikuwa Garsen, maana huko ilifika.

Mzee alilizungusha lori kwa barabara ya juu, ile mpya ya kukwepa mafuriko, akalirudisha langoni taratibu, kofia upande. Hakukuwa na kasuku tena. Kuanzia bampa hadi turubai lilikuwa limevaa tope la Tana, jekundu la udongo lenye madoa meusi ya mfinyanzi, na majani ya mto yamenata kwenye madigadi, utadhani limetoka kwenye maficho.

Mahmud akalizunguka tena. Akasimama pale pale mlangoni. Kwa ukucha akakwangua tope kidogo, na chini yake kijani cha msikiti kikamkonyeza. Akamtazama mzee. Kisha, kwa kidole gumba, polepole, akalirudishia lile tope mahali pake.

"Hii ndiyo rangi yenyewe," akasema. "Ingia, mzee. Ingia mbele ya wote."

Akaingia. Randu aliteremka kabla ya lango, kwa sababu aliapa ni babake atakayeonekana, si yeye, na kwa mara ya kwanza maishani akatembea nyuma ya kitu badala ya mbele. Josephine akaja akamfuta uso na upindo wa leso.

"Vumbi tena, Baba Sidi?"

"Tope."

Uwanjani wanawake walikuwa wamejifunika leso usoni kwa haya. Mzee Kaviha akapunguza mwendo mbele yao, akatoa kichwa.

"Mbona hamwimbi? Leo ndio nina hamu."

Wakacheka, mmoja akaanzisha, na ulipofika mahali pa mguu sauti zikababaika, kisha shangazi mmoja mzee, yule yule aliyeuimba harusini kwa Randu, akapaza: *Kaviha kakaza mguu!* Wengine wakapokea. Ndivyo unavyoimbwa hadi sasa.

Lori liko gerejini. Ukienda kulitazama, karibu, lakini usiliguse. Randu amekataza lisioshwe, na mvua ikianza hulifunika kwa turubai kama mtoto. Na kila asubuhi matatu ya kwanza inapotelemka barabara na makanga kupiga bodi na kuita, "Kwa Kaviha! Wa Kwa Kaviha!", kuna sauti nzito inayojibu kutoka chini ya mabati, isikike hadi kwa abiria asiyejali:

"Babangu huyo!"