Anayewaita Watoto Wasiokuwepo

Saa moja asubuhi, mwanamke amesimama kwenye mlango wa nyuma wa nyumba yake, mkono kiunoni, anaita kwa sauti ya mama aliyechoka kubembeleza.

"Sisemi! Wee Sisemi! Njoo uoge, maji yanapoa!"

Hakuna Sisemi. Hata maji hakuna. Mwanamke ametega sikio. Jirani anayesugua sufuria upande wa pili wa ukuta hainui kichwa, na mpita njia anapita zake. Hakuna aliyeitika wala aliyecheka.

"Limepita," anasema, uso umemkunjuka.

"Leo umemzaa nani tena?" anauliza jirani.

"Muuguzi, mkali huyo! Utamchukia kwanza, halafu utampenda."

Mtaani wanamwita Mama Majina. Ndiye mtunzi wa mchezo wa redio ambao jioni zote huwafanya watu waunguze mboga. Kuandika anasema si shida. Kinachomtoa jasho ni kuwapa watu wake majina.

"Nikitumia jina la kila siku, nusu ya wasikilizaji wanaona wamesemwa wao," anasema. "Nikitunga la ajabu mno, hakuna atakayeamini kwamba huyo mtu ana mama. Nataka jina ambalo hujawahi kulisikia, lakini ukilisikia unasema, ahaa, huyo baba yake lazima alikuwa mbishi."

Kipimo chake ndicho hicho cha mlangoni. Mtu akiitika, jina lina mwenyewe. Watu wakicheka, halifai. Aliwahi kuita "Radikomba" akidhani amempatia tajiri jina, jirani akacheka mpaka sufuria ikamponyoka.

"Eti linafanana na dawa ya minyoo. Na kweli, hebu litamke!"

Ni kazi ya kuchekesha, lakini mwaka huu jina moja nusura limtoe roho.

Lilikuwa la tapeli mkuu wa mchezo, mwanamume anayewauzia wajane watatu kiwanja kimoja. Mama Majina alilitunga mwenyewe, akaliita mlangoni, kimya. Likaenda hewani. Hakujua kwamba upande wa pili wa mji yupo muuza nyama aliyepewa jina hilo hilo na bibi yake, na maisha yake yote hajakutana na mwingine mwenye nalo.

Jina lenyewe gazeti hili halitaliandika. Mwenye nalo ameomba hivyo, na ana haki. Limetembea vya kutosha.

Utani ulianzia dukani kwake. "Nyama hii umeshawauzia wangapi?" wateja walimuuliza, naye akacheka nao. Mchezo ulipokolea na wajane wakazidi kulizwa, kicheko kikaisha. Wapo waliohamia bucha lingine. Siku binti yake aliporudi kutoka shule analia kwa kuitwa mtoto wa tapeli, baba alivua aproni akaenda redioni.

"Sikwenda kugombana," anasema muuza nyama, akinoa kisu polepole. "Nilitaka tu nimwone huyo mtu, nimuulize nilimkosea nini."

Mkuu wa vipindi hakutaka hadithi ndefu. Alimwambia mtunzi alimalize jambo hilo wiki hiyo hiyo, la sivyo kibarua kitaota nyasi. Mama Majina anaishi na mama yake mzazi, na mchezo huo ndio unaowaweka mjini wote wawili.

Wazo lake la kwanza lilikuwa kumbadilishia tapeli jina. Muuza nyama akakataa katakata.

"Dada, ukilifuta leo watasema nimekuhonga," alimwambia. "Bibi yangu hakuniachia kitu kingine, ni hilo jina tu. Usilifute. Nirudishie likiwa safi."

Mtunzi alirudi nyumbani kichwa kinamgonga. Alikaa mezani, anaandika, anachana. Mama yake, aliyekuwa akimwangalia muda wote, akachoka kunyamaza.

"Kwani tapeli anayeiba viwanja, jina linamshinda nini kuiba?"

"Nilimkumbatia mpaka akanifukuza," anasema Mama Majina.

Basi jioni iliyofuata, wajane wa kwenye mchezo wako mahakamani, tapeli anaapa kwa jina lake, mara mlango unafunguliwa. Anaingia mtu mpya, muuza nyama mwenye sauti nzito ya upole. "Mheshimiwa, mwenye jina hilo ni mimi. Huyu ameniibia."

Kwenye bucha la kweli watu walikuwa wamejaa mbele ya redio, wengine hata nyama hawakuja kununua. Ilipigwa kelele hiyo! Mteja mmoja aliyekuwa amehama aliruka kaunta akamkumbatia muuza nyama na aproni yake ya damu.

"Nililia mbele za wateja," anasema bila aibu. "Na sikujificha."

Mama Majina alikuwa kwake, roho mkononi. Simu ilipoita, aliiogopa. Alipopokea alisikia sauti ile nzito: "Dada, leo lala."

"Nikashusha pumzi," anasema. "Nikalala mpaka mama akaja kunigusa aone kama nipo."

Siku hizi haamini mlango wa nyuma peke yake. Hupita kwa watangazaji wa salamu, wanaosoma majina ya watu kutwa, kisha huenda sokoni na kuita kama aliyepotelewa na mtoto. Siku moja aliletewa mtoto kweli, ameshikwa mkono, machozi yanamtiririka. Jina akaliacha hapo hapo, akazunguka na mtoto huyo soko zima kumtafutia mama yake.

Mwezi ujao anaanza mchezo mpya, na mwovu wake ni mwanamke anayekula michango ya wenzake. Huyo hatamtungia jina. Anataka kumpa jina lake mwenyewe, lile alilozaliwa nalo.

"Safari hii likichafuka, lichafuke la kwangu."

Ila kwanza ilibidi amwombe aliyempa. Mama yake alikuwa anachambua mchele, akasimamisha mkono.

"Jina nililokupa mimi? Kwa mwizi?"

"Ndiyo, mama."

"Anafungwa?"

"Miaka saba."

Mama akafikiri, akatoa jiwe moja, akalitupa.

"Haya, mpe. Lakini akitoka atubu, aolewe, azae. Jina hilo sikulitoa liishie gerezani."