Kimanga cha Zamu

Mwezi wangu wa kwanza katika mji ule wa pwani, Uingereza, sanduku langu sikulipangua. Nilitoa nguo, nikavaa, nikafua, nikazirudisha mlemle. Bahari yenyewe ilikuwa ya kijivu, na watu waliiendea wakiwa na makoti! Mimi ni mtu wa Voi, jua nimelizoea. Niliapa mwezi ukiisha narudi nyumbani, na sikumwambia mtu.

Wataita tulikuwa sita mjini humo, wote tukitunza wazee, na kila Jumapili baada ya ibada tulikula kimanga, chakula cha kwetu, nyumbani kwa mwenye zamu ya kupika. Sheria ilikuwa moja: ukikiharibu, unarudia Jumapili inayofuata.

Zamu yangu ilipofika nilijifanya fundi. Ukweli ni kwamba kimanga nilikila kwa nyanya yangu kule Makwasinyi, mwiko sikuwahi kuushika. Nikachemsha mihogo na maharagwe, na badala ya kuponda kwa mkono, nikatia vyote kwenye blenda.

Mama mmoja wa Kishushe, mkubwa wetu kwa umri, aliinua kijiko. Kimanga kikafuata kijiko, na sahani ikafuata kimanga.

“Msichana, hii ni kimanga ama ni gundi?”

Walicheka mpaka wakajifuta machozi. Mimi nilitamani ardhi inimeze. Mama akachemsha mihogo iliyobaki, akatoa mkobani mwiko aliotoka nao nyumbani, akabana sufuria kati ya miguu na kuponda huku akinielekeza.

“Jumapili utarudia,” akasema, akilitazama sanduku langu pale mlangoni.

Nilirudia. Akaonja, akatikisa kichwa. Nikarudia tena, na tena. Cha tatu nilijua ni kitamu, maana wenzake waliongeza mara mbili, na nilimkasirikia kweli. Lakini niondoke na jina la kushindwa na kimanga? Thubutu! Alipokikubali, mwezi ulikuwa umepita na nguo zangu zilikuwa kabatini.

Mama yule alistaafu akarudi Kishushe, akaniachia mwiko na kazi ya kuonja. Nilimlilia kama mtoto.

Mwaka huu amekuja msichana kutoka Wundanyi. Siku ya zamu yake tulienda kwake, nikaona sanduku limefungwa, limesimama nyuma ya mlango. Nikaonja kimanga chake. Kilikuwa kitamu kuliko changu.

Nikameza, nikakunja uso.

“Jumapili utarudia,” nikamwambia.