Wimbo wa Langoni

Juzi niliwaanikia watoto wangu masweta karibu na jiko, maana mvua ya Kitale haikuwa imetupa nafasi tangu asubuhi, na ile harufu ya sufu mbichi ikanikalisha chini. Kwangu hiyo ni harufu ya sinema. Miaka ya themanini, Jumapili saa nane mchana, jumba la sinema la mjini lilijaa watu waliolowa. Sisi wa mbele tulibanana kwenye mabenchi tukifuka mvuke, na mvua ilipiga mabati mpaka maneno ya filamu yakapotea.

Maneno yenyewe yasingetusaidia sana, kwa kuwa filamu zilikuwa za Kihindi. Wahindi wenye maduka walikaa juu na familia zao, wakielewa kila kitu. Sisi wa chini tulikuwa na mama yangu. Alikuwa yaya katika nyumba ya mwenye duka la vitambaa, na miaka sita ya kuagizwa na kugombezwa jikoni mle ilimpa Kihindi cha kutosha kututafsiria. Mzaha ukija, wa juu walicheka kwanza, mama akatafsiri, halafu nasi tukacheka. Mahali ambapo hakuelewa alitunga, na mabishano yakizuka kwenye benchi alimwambia mbishi atafsiri yeye.

Tena alikuwa na sauti. Ndiye aliyeanzisha nyimbo kanisani kwetu, na wimbo wa filamu ukianza aliufuata polepole hata watu wakaacha kutazama kitambaa cha sinema wakamtazama yeye. Nilijivuna sana. Niliwatazama watoto wengine nikiwahurumia kwa kuwa na mama wa kawaida.

Kulikuwa na filamu moja iliyorudi Kitale mara kwa mara, kila safari ikiwa imekatika na kuungwa mahali papya. Mwanamke mmoja anamwacha mtoto wake kwa babu, anakwenda kutafuta kazi kwenye matanuri ya matofali. Kabla ya kuondoka anamwimbia mtoto wimbo. Mwishoni anarudi, amekonda, anasimama langoni. Mtoto naye amesimama kando ya babu, hatikisiki, anatazama tu, na wimbo ule unapigwa tena. Halafu anakimbia kumkumbatia, na benchi zima linalia.

Mara ya mwisho kuitazama na mama nilikuwa na miaka sita. Filamu ilipofika pale langoni mama hakuwatafsiria wengine. Aliinama akaniambia mimi peke yangu, sikioni.

“Unaona hakimbii? Kuna watu wabaya wanaweza kuja na uso wa mama ya mtu. Anangoja asikie wimbo kwanza, ndiyo ajue ni yeye.”

Wiki iliyofuata alinipeleka Bungoma, kwa dada yake mdogo. Baba alikuwa ameshafariki, kwa hiyo hapakuwa na mtu mwingine wa kuniachia. Mama alikuwa na uvimbe shingoni, rovu, ambao mimi niliuzoea kiasi cha kudhani kila mama anao. Nikaambiwa anakwenda hospitali kubwa, mbali, atakuja kunichukua. Aliniimbia wimbo ule wa filamu pale mlangoni kwa mama mdogo, kwa maneno yake ya kubahatisha, kisha akaenda.

Nilikaa miezi tisa. Nyumba ilikuwa karibu na reli, na mama mdogo alizoea kunitania kwamba nimekuwa stesheni masta kwa jinsi nilivyokaa nje kuangalia njia. Nilimkumbuka mama kila siku. Nikilala niliimba ule wimbo kimoyomoyo nisije nikausahau, maana ningeukosea, ningemkosa.

Alikuja siku ya soko, jua likiwa juu. Amekonda, amefunga leso shingoni. Mama mdogo alipiga kigelegele. Mama alichuchumaa, akanyoosha mikono, akaniita. Sauti iliyotoka ilikuwa ya mtu mwingine kabisa, kavu, ya mkwaruzo, ikifika kwa shida pale niliposimama.

“Kuja umsalimie mama,” mama mdogo akanisukuma. “Si ni mama yako huyu?”

Nikamwambia yule mwanamke, “Imba.”

Alinitazama. Alifungua kinywa, ikatoka pumzi. Akajaribu tena, akashika shingo juu ya leso. Mimi nikaingia jikoni nikafunga mlango kwa komeo, na nilipiga mayowe kila alipougusa. Jioni alirudi Kitale peke yake.

Nilikaa Bungoma hadi darasa la tatu. Alikuja kila mwezi na ndizi na vitabu, nami nilimwamkia kwa adabu, kama mgeni. Hata niliporudi kwake nikakua, nikajua bila shaka yoyote kwamba ni yeye, na kwamba kisu cha upasuaji ndicho kilichochukua sauti, tulikuwa tumeshazoea kukaa mbali. Kanisani alisimama nyuma, mdomo umefungwa.

Nikiwa na miaka kumi na saba, miaka ya tisini, niliiona filamu ile kwenye video nyumbani kwa rafiki yangu wa shule pale Bungoma, nilikorudi kusoma sekondari, na safari hii maneno ya Kiingereza yalipita chini. Tulipofika langoni nilisogea mbele. Mtoto alikuwa hangoji wimbo wowote. Babu, aliyekuwa na kinyongo na yule mwanamke, alikuwa amemshika mkono kwa nguvu. Mtoto anamwambia, “Niachie, yule ni mama.” Anaachiwa, anakimbia.

Jumamosi ya wiki hiyohiyo nilipanda gari hadi Kitale. Mama alikuwa akipukuchua mahindi. Nilimuuliza kwa nini alinidanganya, na nilimuuliza kwa ukali, Mungu anisamehe.

Aliendelea na gunzi lake kwanza. “Ulikuwa mdogo,” akasema kwa ule mkwaruzo. “Waliniambia nitakaa huko sana, naweza rudi nimebadilika. Nikaogopa utasahau uso wangu. Nikasema sauti huwezi sahau.”

Tangu hapo nimeitazama filamu ile mara nyingi. Watoto wangu hucheka ngumi zisizogusa mtu, na hushangaa ninavyolia kabla hata mwanamke hajafika langoni. Kwa miaka mingi niliwaambia watu kwamba siku ile Bungoma sikumjua mama. Sasa naweza kusema ilivyokuwa. Nilimjua akiwa bado ng’ambo ya reli, kwa mwendo wake, na miguu yangu ilitaka kukimbia. Lakini alikuwa ameniambia ningoje, nami nilikuwa mtoto msikivu.