Mnyama wa Upande wa Pili wa Meza

Nani alikudanganya kwamba ardhi imelala?

Brashi hakudanganyika hivyo hata siku moja. Alikuwa mchora mabango, na mabango aliyachora yakiwa yamelazwa chini uani, huku yeye akiyazunguka kwa magoti kama mtu anayemfukuza kuku mkaidi. Aliweza kuandika herufi hata zikiwa zimempa kisogo. Jina lake halisi lilibaki kwenye kitambulisho tu. Mtaa mzima ulimwita Brashi kwa sababu ya ile brashi iliyokaa nyuma ya sikio lake hata kwenye misiba.

Kazi zake ulizipita kila siku bila kuziona. *Karibu. Mlango wa nyuma. Usikojoe hapa.* Hakuna aliyewahi kusimama mbele ya bango lake akasema limependeza. Watu walisoma wakaingia mlangoni, basi. Tunawajua watu wa namna hii. Wanabeba nyumba nzima mabegani, na siku ya kupiga picha wanaambiwa wasogee kando kidogo.

Kisha shemeji yake, kaka wa mkewe, akamletea kazi ya ajabu. Shemeji alikuwa na duka la uchapaji: kadi za harusi, kalenda, vitabu vya risiti. Lakini moyoni alikuwa na ndoto moja iliyomnyima raha, nayo ni mchezo wa kadi aliouita Mapembe. Ndani yake mlikuwa na majoka, wachawi, mashujaa na wanyama wa kutisha, kila mnyama akiwa na alama za meno pembeni kuonyesha ukali wake. Wachezaji wawili wanapambana. Ila mnyama haitwi bure. Anaitwa kwa nguvu, na nguvu inatoka kwenye kadi za ardhi. Mchezaji anazipanga mbele yake misitu, milima na maziwa, na kila akichota nguvu kwenye moja, anailaza ubavu. Zamu yake ikirudi, anazisimamisha tena.

Majoka aliyachora rafiki mmoja wa Shemeji. Ardhi akapewa Brashi. Ilikuwa kazi ya kwanza maishani mwake isiyokuwa na herufi hata moja. Aliichora kama mtu aliyefunguliwa kamba.

Hajamaliza, Shemeji akamwita dukani.

"Shemeji, nimefikiria," alisema, akifuta wino vidoleni. "Hizi ardhi tuziache rangi tupu. Kijani ni msitu, buluu ni maji, kahawia ni mlima. Imetosha."

"Na mimi?"

"Wewe utanichorea bango la duka. Usinitolee macho, shemeji. Nani anaangalia ardhi? Watu wanaangalia joka. Ardhi ni ya kulaza na kusimamisha."

Brashi aliishika brashi yake nyuma ya sikio kana kwamba kuna mtu anataka kumpora. Angeweza kunyamaza. Maisha yake yote alikuwa amenyamaza vizuri sana.

"Basi ziamke," alisema.

"Nini ziamke?"

"Ardhi. Mlima uinuke, upigane. Mtu akizidiwa, aigeuze ardhi yake iwe mnyama kwa zamu moja. Lakini akiuawa huyo mnyama, na ardhi imekwenda."

Shemeji alicheka mpaka akashikilia mashine. Kisha akaacha kucheka, maana wazo lenyewe halikuwa la kuchekesha. "Mchezaji atajuaje? Tuandike maelezo? Watu hawasomi, shemeji. Kadi inayohitaji mwalimu imeshakufa."

"Atajua kwa kuangalia."

"Ehee. Basi sikia. Ijumaa wanakuja vijana wa kilabu cha michezo ya kadi kuujaribu mchezo. Weka ardhi zako humo. Wewe hutatamka neno. Wakigundua wenyewe, zinaingia. Wasipogundua, Jumamosi asubuhi natengeneza pleti za kuchapia za rangi tupu, na pleti zikishaingia kwenye mashine, usinililie."

Wakashikana mikono.

Alikuwa amejigamba tu. Hakujua mlima unaamkaje. Alirudi nyumbani, akatandaza michoro juu ya meza ya chakula, meza nyembamba ya mbao yenye mguu mmoja uliotiwa kabari ya kadibodi. Mkewe, mpiga pasi katika duka la dobi, alikaa upande wa pili na sahani yake. Alikuwa anatafuna, akaacha.

"Baba watoto, huyu mnyama mbona umemchora kichwa chini?"

"Mnyama gani? Huo ni mlima."

"Mlima una jicho?"

Brashi aliinuka, akazunguka meza, akasimama nyuma ya mkewe. Lile pango alilolichora kwenye mteremko lilikuwa jicho. Ile miti ya kileleni, ikitazamwa toka huku, ilining'inia kama manyoya ya kidevuni. Hakuwa amekusudia hata kidogo.

"Usiondoke hapo," alisema.

"Naenda wapi? Nakula."

Akaanza upya. Alichora mlima akiwa kwenye kiti chake, kisha akamhamisha mkewe na kumchora mnyama akiwa kwenye kiti cha mkewe. Meno akayaficha ndani ya mawe, kwenye mizizi, kwenye mapovu ya maji. Na pembeni mwa meno akatia vitone viwili vya nguvu, vile vile vinavyoonyesha bei ya kumwita mnyama mwingine yeyote. Ukiishika kadi wima, ni ardhi. Ukiigeuza juu chini, ni kiumbe aliyekuwa anakusubiri uzinduke.

"Siku hizi nakula kama mlinzi wa benki," mkewe alilalamika, kasimama na sahani mkononi. Lakini kila kadi ilipokauka, yeye ndiye aliyeitazama wa kwanza, na alipostuka, Brashi alijua imekubali.

Ijumaa vijana wanne wakaja. Duka la Shemeji lilikuwa limejaa marundo ya karatasi mpaka dirishani. Pa kukaa palikuwa kwenye kaunta ndefu tu, iliyogandamana na ukuta. Wakajipanga hapo ubavu kwa ubavu kama watu wanaosubiri kunyolewa, kila mmoja akicheza na wa pembeni yake. Brashi akasimama nyuma yao, kinywa kimefungwa.

"Leta joka lako hapa nilichinje!" alifoka mmoja waliyemwita Bingwa.

"Joka unalichinja na nini? Na huyo sungura wako?"

"Huyu ni chui!"

"Chui gani ana jino moja? Kamlishe uji kwanza."

Walicheka, walitukanana, waliupenda mchezo. Ardhi walizilaza na kuzisimamisha bila kuzitazama. Ikafika wakati Bingwa ameishiwa wanyama wote, na joka la mwenzake limemkodolea. Mbele yake mlima ulikuwa umesimama, na nguvu za kuuamsha anazo. Kuigeuza kadi tu. Brashi aliuma kishikio cha brashi mpaka rangi ikabanduka.

"Nimekufa," alisema Bingwa, akakusanya kadi zake.

Mwingine akageuka, kijana mwenye adabu. "Ardhi zimechorwa vizuri, mzee." Kisha akaweka kikombe chake cha chai juu ya msitu.

Walipoondoka, Shemeji hakujigamba. Hilo ndilo lililouma zaidi. "Moyoni nilikuwa upande wako, shemeji," alisema, akifuta duara la chai kwenye kadi. "Lakini tulikubaliana."

Nyumbani Brashi hakugusa chakula. Mkewe aliona, akaacha kiti chake, akaja akabanana naye kwenye kiti kimoja, bega kwa bega. Akauvuta mlima karibu yao.

"Nilimzoea huyu," alisema. Kisha akakunja uso. "Lakini leo simwoni. Leo naona mlima tu."

Brashi aliinua kichwa polepole.

"Umesemaje?"

"Nimesema simwoni. Usinikaripie, nimechoka na mimi."

"Rudi ulikokuwa."

"Nimekuja kukufariji, unanifukuza?"

"Mama watoto, rudi upande ule!"

Akarudi, akinung'unika. Akakaa. Akacheka. "Huyu hapa. Ananitazama."

"Walikaa ubavu kwa ubavu!" Brashi alipiga meza, kabari ikachomoka, sahani zikateleza. "Mwenye ardhi anaona ardhi. Mnyama anaonwa na adui aliye mbele yake! Wale hawakuwa na mtu mbele yao. Walikuwa na ukuta!"

"Basi mpigie kaka simu, umwambie."

"Nimeapa kutotamka neno."

"Sasa?"

Brashi aliitazama meza. Mkewe alimtazama Brashi, kisha na yeye akaitazama meza.

"Hapana," alisema. "Meza yangu?"

"Meza yetu."

"Aa! Ikiwa ni ya kubebwa, imekuwa yetu."

Kulipokucha, majirani walimwona Brashi akipita barabarani na meza kichwani, miguu minne ikitazama mbinguni, na nyuma yake mkewe kabeba stuli mbili.

"Mzee, umefukuzwa?" aliuliza muuza magazeti.

"Amefukuzwa, na mimi nimefukuzwa pamoja naye," alijibu mkewe. "Pisha njia!"

Shingo ilimuuma. Meza ilimgandamiza utosini, na kila alipokanyaga shimo, kingo zake zilimpiga begani. Hakuitua hata mara moja. Alikuwa ameahidi kutosema, hakuahidi kutobeba. Aliiweka mbele ya mlango wa duka, uliokuwa bado umefungwa, akaegesha stuli moja huku na moja kule, akaweka katikati kadi zake za sampuli pamoja na zile za wanyama alizorudi nazo jana yake. Kisha akaenda kukaa na mkewe kwenye ngazi ya duka la jirani, mikono magotini.

Wa kwanza kufika walikuwa wafanyakazi wawili wa Shemeji: mama mmoja mkata karatasi, miwani ikining'inia shingoni kwa kamba, na kijana mpakaji gundi aliyeitwa Gundi. Mchezo walikuwa wameujua kwa kukata na kufunga kadi za majaribio ya mwanzo. Wakaiona meza, wakamwona Brashi, wakamwamkia. Yeye akaitikia kwa kichwa.

"Leo mzee kameza ulimi," alisema Gundi. "Mama, tucheze moja kabla bosi hajaja?"

"Nikupige asubuhi asubuhi? Utashinda unalia kwenye gundi."

Wakakaa, mmoja huku, mmoja kule. Wakagawana kadi. Shemeji akatokea kwenye kona akiwa na ufunguo mkononi, akaiona meza ya dada yake, akamwona na dada mwenyewe.

"Shemeji, tulikubaliana."

Brashi akaweka kidole midomoni.

Mezani, Gundi alikuwa anakufa. Wanyama wake wote walikuwa wamekwisha. Mkata Karatasi alinyanyua joka lake ammalizie, kisha mkono ukamgandia hewani. Akavaa miwani.

"Gundi. Huyo ni nani?"

"Nani?"

"Huyo aliyekaa mbele yako. Ananikodolea jicho tangu tuanze."

"Huo mlima, mama. Cheza."

"Mlima gani una meno matatu? Njoo huku uone!"

Gundi alijikunja juu ya meza, shingo imepinda mpaka sikio likagusa mbao. Kisha akanyoosha mkono, akaigeuza kadi juu chini.

"Meno matatu," alisema taratibu. "Vitone viwili vya nguvu. Mama, huyu anaitwa! Huyu anapigana!"

"Usiniibie! Huo mlima umeulaza sasa hivi kuchota nguvu. Aliyelala hapigani."

"Haya, nimemrudisha. Ziwa sijalilaza." Akaligeuza ziwa, na ziwa likafungua kinywa. Akalaza misitu miwili kulilipia. "Leta hilo joka lako."

"Na likifa hilo ziwa?"

"Nimepoteza ziwa. Leta!"

Mkata Karatasi hakuleta. Alikuwa ameinama juu ya ardhi zake mwenyewe, anazigeuza moja moja, na kila akigeuza anatoa sauti kama mtu aliyemwagiwa maji.

Shemeji alikuwa ameshauingiza ufunguo mlangoni. Akauacha ukining'inia. Akaizunguka meza, akasimama nyuma ya Mkata Karatasi, akainamisha kichwa upande, kama alivyoinamisha Gundi.

"Gundi," alisema, bila kuondoa macho kwenye ule mlima uliolazwa, "leo pleti za rangi tupu hatutengenezi. Na wewe mama, sogea kidogo. Nataka kukaa upande huu."